Kikohozi cha Jotham

Serikali ilipopunguza watumishi wake, walinzi wa msitu wa Mlima Rungwe kwa upande wa Kinyala walikuwa wawili, Obed na Jotham. Obed alibakizwa kazini. Jotham aliambiwa akabidhi panga na koti, aende akalime. Siku hiyo Obed alimsindikiza mwenzake kutoka ofisi ya misitu mjini Tukuyu mpaka nyumbani, akambebea mfuko, akamfariji njia nzima. Alimwambia kwamba ajira si mama mzazi, na kwamba mgomba haujawahi kumfukuza mtu kazi. Maneno hayo yalikuwa ya kweli, na Obed aliyatamka kwa utamu ambao mtu huupata anapomfariji aliyeanguka huku yeye mwenyewe amesimama.

"Leo umeongea vizuri sana," mkewe Tulinagwe alimwambia jioni, alipokwisha kusimuliwa. "Utadhani mtu aliyetoka arusini."

Wanaume hao wawili walikuwa wameanza kazi pamoja wangali vijana, wakati serikali ilipowapa koti moja la mvua kwa watu wawili. Walipokutwa na mvua huko juu kwenye mianzi walilitandaza juu ya vichwa vyao na kushuka mlima bega kwa bega, wakigombana nani anavutia upande wake. Koti la pili lilikuja baadaye sana, na walipolipata walicheka, kwa sababu kila mmoja peke yake aliona baridi.

Sasa Obed alibaki na mlima mzima, tena katika wakati mbaya. Biashara ilikuwa imefunguliwa. Malori yaliyozoea kuchukua ndizi yalichukua pia mbao, na mtu mwenye msumeno na shemeji mwenye nguvu aliweza kuchimba shimo la kupasulia mbao ndani ya hifadhi, akaangusha mti uliokuwapo kabla ya babu yake, akauuza kabla majani hayajanyauka. Wezi waliongezeka mwaka uleule walinzi walipopunguzwa. Mshahara wa Obed ulikuja ulipotaka. Koti lake la kaki lilikuwa limechanika mabegani, na miguuni alivaa makatambuga ya tairi, ambayo kwenye tope la Rungwe humrudisha mtu nyuma kila anapokwenda mbele. Hata hivyo alikuwa mlinzi wa serikali, na Jotham alikuwa mkulima wa viazi. Jambo hilo lilimtosha.

Lilimtosha mpaka mradi ulipokuja.

Mratibu wake alikuwa mwanamke kijana aliyeitwa Mwanaheri, mzaliwa wa Tanga, aliyesomea misitu Morogoro. Alipanga nyumba mtaa wa Msasani pale Tukuyu, ikawa ofisi, kisha akaitisha mkutano wa kijiji. Aliwaeleza wananchi kwamba kuna watu wa nchi za mbali wanaouthamini mlima huu na ambao wako tayari kumgharimia mlinzi, mwaka kwa mwaka, ilimradi waone kazi inafanyika. Mlinzi huyo atalipwa kila mwisho wa mwezi, naye atapewa vifaa. Obed alikuwa amekaa benchi la mbele. Alinyoosha mgongo.

Mwanaheri alieleza zaidi kwamba wafadhili wanataka kuwasaidia wale waliopunguzwa kazini, kwa kuwa mtumishi wa serikali tayari anaye mwajiri wake. Kwa sababu Obed alikuwa na kazi, hakuweza kupewa kazi. Jina lililosomwa lilikuwa la Jotham.

Watu walipiga makofi. Obed naye alipiga, na baadaye alimpa Jotham mkono, akamwambia kwamba anafurahi. Mikono yake ilikuwa baridi, lakini Kinyala mikono ya kila mtu huwa baridi.

Jotham alionekana mlimani akiwa na buti za ngozi zenye soli nene na kamba ndefu, na koti la mvua la kijani lenye kofia inayofungwa chini ya kidevu. Alikuwa na baiskeli ya kufikia njia za chini. Hakujivuna. Pengine angejivuna, Obed angepata pa kumshika. Kila walipokutana kwenye doria Jotham alikuwa wa kwanza kusalimu, "Mugonile, mwenzangu," na kuuliza habari za nyumbani kama zamani, na mara mbili alimwomba Obed ajaribu lile koti aone lilivyo jepesi. Obed alikataa, akisema kwamba yeye hasikii baridi.

Alisikia baridi. Alirudi kila jioni akiwa amelowa, na Tulinagwe alizitundika nguo zake juu ya meko zikauke kwa moshi. Moshi huo uliingia ndani ya nyuzi na haukutoka tena. Jumapili moja kanisani Jotham alikaa mbele yake, na Obed akagundua kwamba shingo ya mwenzake inanuka sabuni. Wimbo mzima alisimama akinusa sabuni ile, na kwenye nguo zake mwenyewe akinusa jiko.

"Mke wa Jotham siku hizi anapumzika," Tulinagwe alisema walipokuwa wakirudi, bila nia yoyote. "Hakaushi tena nguo za mtu mekoni."

Obed aliongeza mwendo mpaka nyumbani. Juma lililofuata alishuka Msasani, kwenye kibanda cha mitumba cha Zuber, mfanyabiashara aliyemfahamu kila mtu wa mji ule kwa viatu vyake. Obed aliuliza kwa sauti ya chini kama kuna buti za ngozi, zenye soli nene na kamba ndefu. Zuber akaacha kupanga mashati.

"Kama za Mzee Jotham?"

"Nimesema buti. Sikumtaja mtu."

"Mzee wangu, za namna ile hazifiki kwenye belo. Si tunasema mitumba ni nguo za Wazungu waliokufa? Basi wenye buti zile hawajafa bado." Wateja wakacheka, na Zuber, aliyependa kuchekesha watu wengi kwa pamoja, akaongeza: "Chukua raba hizi. Utapanda nazo kimya kimya, hata chui hatakusikia."

Obed alizinunua ili aondoke pale. Soli zilibanduka kabla raba hazijauzoea mguu.

Tangu siku hiyo alianza kumchunguza Jotham. Hakujiambia kwamba anamchunguza. Alijiambia kwamba walinzi wawili wanaopishana mlimani lazima kila mmoja ajue mwenendo wa mwenzake. Alitamani amkute amelala chini ya mti, au anakunywa pombe na wapasua mbao, au anapokea hata mkungu wa ndizi. Hakumkuta na lolote. Jotham alikamata misumeno, alifukia mashimo, na aliporudi alieleza mambo kama yalivyokuwa. Kila jema lake lilimwingia Obed kama kibanzi kidoleni, dogo, lisiloonekana, na lenye kuuma kila anaposhika kitu.

Kilichobaki kilikuwa kikohozi.

Kwa mujibu wa taratibu za hifadhi, wanawake waliruhusiwa kuokota kuni zilizokauka kwenye njia za chini siku za Jumatano na Jumamosi. Miongoni mwao alikuwamo mke wa mtoto wa Jotham. Na kwa Wanyakyusa wa rika la Jotham, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Mwanamke akisikia mkwe anakuja huiacha njia, akajificha nyuma ya migomba au magugu mpaka mzee apite. Na mzee mwenye adabu hamvizii mke wa mwanawe, bali hukohoa kabla ya kona ili ampe nafasi ya kujisitiri. Mambo mengi ya aina hiyo yalikuwa yamelegea. Vijana wa mjini waliyacheka, na wapo wazee waliokuwa wakila meza moja na wakamwana zao. Jotham alikuwa mtu wa kushika desturi. Siku za kuni alipita njia za chini akikohoa kila penye kona, kikohozi kikubwa kisicho na ugonjwa, na kijiji kizima kilikifahamu. Juu kwenye mianzi, ambako wanawake hawakufika na wapasua mbao walijificha, alitembea kimya kama paka.

Obed aliyajua hayo yote. Mwanawe Lazaro alikuwa hajaoa, kwa hiyo yeye mwenyewe hakuwa na wa kumkoholea, lakini alilelewa na baba aliyekohoa.

Alikwenda ofisini Msasani siku ya mvua. Mwanaheri alimkaribisha kwa chai, akamweleza kwamba ana wasiwasi. Mbao za Rungwe zilikuwa zimeonekana zikiuzwa Mbeya, na wafadhili walikuwa wakiuliza kama mlinzi wao anafaa kugharimiwa mwaka mwingine. Je, Mzee Obed, kwa uzoefu wake, anaonaje?

Obed alikizungusha kikombe. Alisema kwamba si vizuri kumsema mwenzake. Alisema kwamba Jotham ni mchapakazi. Kisha akasema, kana kwamba ni jambo dogo lililomjia tu, kwamba labda tatizo ni tabia yake ya kukohoa.

"Kukohoa?"

"Anakohoa kabla ya kufika mahali, mama. Kwa nguvu. Aliye mbele akitaka kukimbia, anakimbia."

Hakuna neno moja la uongo alilosema. Mwanaheri aliweka kikombe mezani polepole na kuuliza kama anaweza kuonyeshwa. Obed alijibu kwamba anaweza, na akataja siku: Jumamosi.

Jumamosi hiyo ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mashamba. Obed alimpeleka Mwanaheri nyuma ya mti mkubwa juu ya njia ya chini, wakasimama. Kwa muda walisikia matone tu. Kisha kikaja kikohozi, kutoka upande wa pili wa kona, kizito na cha makusudi, kikarudiwa. Mara mbele yao vivuli vikaiacha njia na kutawanyika kwenye magugu, vimeinama, na kitu kizito kikaanguka chini. Jotham akatokea kwenye kona amevaa koti lake la kijani, macho chini, akapita bila kutazama kulia wala kushoto.

Mwanaheri akashuka njiani na kumsimamisha. Hakupandisha sauti.

"Mzee Jotham, watu walikuwa hapa. Nimewaona wakikimbia ulipokohoa. Nieleze kwa nini unakohoa."

Jotham alimtazama, kisha akatazama pembeni. Baba mkwe hamtaji mkamwana wake, tena mbele ya mwanamke mgeni aliye rika la binti zake, tena mkamwana mwenyewe akiwa amejificha hatua chache pale akisikia. Jambo la namna hiyo mtu husemewa na mwingine, mwenzake, mtu wa kwao. Taratibu, bila shaka yoyote usoni, Jotham akamgeukia Obed na kumngoja.

Obed alikuwa akizitazama buti. Zilikuwa na tope mpaka juu ya kifundo, na ndani yake, bila shaka, soksi zilikuwa kavu.

Alinyamaza.

Mwanaheri akauliza mara ya pili, na Jotham akasema tu, "Siwezi kulisema hilo, mama." Sura yake ilikuwa imebadilika, lakini si kwa hasira. Ilikuwa sura ya mtu aliyeegemea ukuta wa nyumba yake mwenyewe akakuta haupo.

Jotham alirudisha vifaa Jumatatu iliyofuata, buti zikiwa zimeoshwa na kupakwa mafuta. Kwa kuwa hakuna mwingine aliyeujua mlima, ofisi ya misitu ilikubali kumwazima Obed kwa mradi, awe kwenye likizo bila malipo ya serikali na alipwe na wafadhili. Mwanaheri ndiye aliyemkabidhi buti na koti. Alimpa na sharti moja, kwamba mlinzi wa mradi anatembea kimya, njia zote, siku zote. Halafu, akimwangalia anavyofunga kamba, akasema jambo ambalo Obed hakuliomba.

"Ajabu ni kwamba huyu mzee ndiye aliyekuwa akinisumbua niombe nafasi ya pili, ili na wewe uazimwe. Kila mwezi alinikumbusha. Wafadhili walikuwa wameanza kukubali. Sasa nimelazimika kuwaambia mambo yalivyokuwa, na nafasi hiyo wameifuta."

Obed aliendelea kufunga kamba. Mtu angedhani kwamba habari ile ingemtia aibu, na aibu kidogo ilikuwapo. Lakini kilichomuuma kilikuwa kingine. Hata bahati yake, kumbe, ilikuwa ipitie mkononi mwa Jotham. Angeipata kama zawadi, na angetakiwa kusema ahsante.

Buti zilimtosha kwa kipimo, lakini zilikuwa zimekwisha kuushika mguu wa Jotham. Mahali Jotham alipokuwa na kifundo kipana paliachia, na mahali Obed alipokuwa na kidole kilichopinda palibana. Kila hatua ilimkumbusha mwenye buti. Nyumbani, Tulinagwe alizitazama kizingitini.

"Hizi zilale nje," alisema.

"Ni mali ya mradi."

"Basi zilale nje na mradi wake." Akaingia ndani kuwasha moto, na usiku ule hakuuliza habari za kazi.

Mwisho wa kila mwezi ukawa mwisho wa mwezi kweli. Obed alipata mabati ya kuezekea nyumba, na baada ya mavuno alipata pia ng'ombe wa mahari waliokuwa wakikosekana ili Lazaro aoe. Binti aliyeolewa aliitwa Tulia, mtulivu na mchapakazi. Kwao walikuwa watu wa kushika desturi kuliko hata Jotham. Tangu siku aliyoingia, Tulia hakuwahi kuonwa na baba mkwe wake. Obed alimjua kwa kanga iliyopotea nyuma ya nyumba, kwa uji uliokwisha kuwekwa mezani, na kwa sauti iliyokatika ghafla alipokohoa akiingia uani. Alipendezwa na heshima hiyo. Kwa mara ya kwanza alikuwa na kitu sawasawa na cha Jotham, tena labda bora zaidi.

Jotham mwenyewe alikuwa akilima viazi kwenye shamba lake lililopakana na hifadhi, karibu na kona ileile ya njia ya chini. Kila Obed alipopita, Jotham alisimama, akaegemea jembe, akasema, "Mugonile." Hakutazama buti hata mara moja. Obed alitamani azitazame. Mtu anayetamaniwa kitu chake hukifurahia. Jotham alimnyima hata hilo.

Siku za Jumatano na Jumamosi Obed alipanda moja kwa moja kwenye mianzi na kuziacha njia za chini, akisema kwamba wezi wako juu. Mpango huo ulimfaa mpaka Mwanaheri alipokuja mwenyewe, Jumamosi moja yenye mawingu mazito, akitaka kutembea doria nzima pamoja na mlinzi wake. Wafadhili walikuwa wakikaribia kuamua juu ya mwaka unaofuata, naye alitaka awaandikie yale aliyoyaona kwa macho yake.

"Tuanzie pale," alisema, "kwenye ile njia ya siku ile."

Obed alisema kwamba njia ile ina utelezi. Mwanaheri alijibu kwamba amevaa viatu vya utelezi. Wakaingia, Obed mbele na Mwanaheri nyuma, soli nene zikikanyaga majani bila mlio. Zilikuwa buti nzuri kweli. Hata chui asingezisikia.

Kabla ya kona alisikia wanawake wakiongea Kinyakyusa na kucheka. Mmoja alikuwa akisimulia kitu kwa sauti ya chini, tulivu, na wengine wakimsikiliza. Sauti hiyo aliifahamu. Ilikuwa ile ambayo nyumbani hukatika yeye anapoingia uani.

Alipunguza mwendo. Nyuma yake Mwanaheri naye akapunguza. Kwa hatua chache zilizobaki Obed alilifikiria koti, na mabati, na mwisho wa mwezi. Alifikiria pia picha ya pale mbele: yeye anatokea kwenye kona kimya kama mwizi, na mke wa Lazaro amekaa njiani na mzigo wake, uso kwa uso na mkwe, hana pa kwenda, mbele ya wanawake wote wa Kinyala. Binti yule angeirudisha aibu hiyo kwao. Lazaro asingemsamehe baba yake. Kijiji kingelisimulia mpaka wajukuu.

Obed akakohoa.

Kicheko kikakatika. Magugu yakatikisika, mzigo wa kuni ukaanguka na kutawanyika njiani, na walipofika penye kona palikuwa patupu. Kuni zilikuwa pale, na kanga moja imenasa kwenye mti. Obed alisimama ameipa mgongo.

"Mzee Obed," Mwanaheri alisema.

"Naam, mama."

"Umekohoa."

Alifungua mdomo. Maneno yote aliyafahamu, kwa Kiswahili na kwa Kinyakyusa, na hakuna hata moja lililokuwa halali mdomoni mwake, mbele ya mwanamke huyu, huku Tulia akiwa amejikunyata mahali fulani karibu anasikia. Alitazama huku na huku kama mtu anayetafuta fimbo aliyoiweka hapo jana.

"Usimwulize, mama," sauti ilisema kutoka upande wa mashamba. "Hilo yeye hawezi kulisema. Acha nimsemee."

Jotham alikuwa ameegemea jembe kwenye mpaka wa shamba lake. Alieleza bila haraka, kwa maneno machache, kama anavyoelezwa mgeni mahali pa kunawia mikono. Kuna mkamwana wa mwenzangu pale. Kwetu baba mkwe hamtokei ghafla. Anakohoa, binti anapisha, njia inabaki na heshima yake. Hawa ni wanawake wa kuni, na leo ni siku yao. Wapasua mbao hawapiti huku. Na huko wanakopita, huyu hakohoi.

Mwanaheri alisikiliza mpaka mwisho. Akaziangalia kuni, akaiangalia kanga, na ikaonekana wazi kwamba anaiona upya Jumamosi nyingine.

"Na wewe, Mzee Jotham? Siku ile kwa nini hukuniambia?"

"Siku ile, mama, wa kunisemea alikuwa yeye."

Mwanaheri alimtazama Obed kwa muda, na Obed akaona kwamba hamkasirikii. Anajumlisha tu, kama mtu anayefunga hesabu iliyokataa kwa miezi mingi. Mwishowe alisema kwamba Jumatatu vifaa virudi kwa mwenyewe, na Obed arudi serikalini kwake. Alisema kwamba ataomba tena nafasi mbili, maana kumvisha mmoja na kumwacha mwenzake alowe kwenye mlima mmoja lilikuwa kosa lake yeye na la waliomtuma.

"Lakini sijui kama watanisikia," alimalizia. "Nilishawaandikia kwamba walinzi wa huku wanawaonya wezi. Neno kama hilo kulifuta ni kazi."

Akafungua mwavuli na kutangulia kushuka, kwa sababu mvua ilikuwa imeanza, ile ya Rungwe isiyotanguliza matone.

Obed alibaki njiani. Jotham alikuwa na shati tu, na tayari lilikuwa limemgandia mgongoni. Hapakuwa na haja ya kungoja Jumatatu kwa jambo hilo. Obed akafungua kofia chini ya kidevu, akalivua koti la kijani na kumnyooshea bila kumtazama.

"Chukua. Ni lako."

"Ndaga," Jotham akashukuru, akalipokea. Hakulivaa. Alilikunjua, akalirusha juu ya kichwa chake kama walivyofanya zamani na lile koti la kwanza, na upande wa pili akaushikilia juu, wazi, akingoja.

Obed aliangalia nafasi ile tupu chini ya koti. Angeweza kutembea na mvua, alikuwa ameizoea. Kama Jotham angemtukana, angetembea nayo kwa fahari mpaka nyumbani. Lakini maji yalikuwa yakimwingia shingoni, na buti za mwenzake zilikuwa zikimbana kidole, na mkono ule haukushuka.

Aliingia. Walishuka bega kwa bega, wakikanyaga pole kwenye utelezi, na chini ya koti kulikuwa na harufu ya sabuni na ya moshi kwa pamoja. Kila penye kona walikohoa wote wawili. Lilikuwa koti zuri, jepesi, lisilopenyeza hata tone, na Obed alilichukia joto lake njia nzima.